Kura ya Noti ya Thelathini na Tatu

Kwa miaka ishirini na miwili Verlyn Tostrud alikuwa mshiriki wa Chama cha Mafundi Piano. Mshiriki, kwa wasioujua utamu wa cheo hicho, ni mtu anayeruhusiwa kufanya kila kitu isipokuwa kile alichokuja kufanya. Analipa ada. Anapanga viti. Anachemsha kahawa ya mkutano wa mwezi na kuambiwa ni nyepesi. Ikifika saa ya kupiga kura anaombwa kwa adabu asogee nyuma, karibu na meza ya keki, akae kimya. Mbele wanabaki mafundi waliothibitishwa, wenye beji ya fedha kifuani na haki ya kubishana mpaka chakula kipoe.

Ili uvae beji ya fedha lazima ufaulu mitihani mitatu. Wa kwanza, wa kuandika, Verlyn aliumaliza kabla wenzake hawajachonga penseli. Wa pili, wa kazi ya mikono, aliupita vizuri, ingawa kidole chake cha pete mkono wa kushoto kiliishia kwenye kiungo cha kati. Kipande cha mbele kilichukuliwa na mashine ya kuvunia mahindi akiwa na miaka kumi na minane. Wa tatu ndio uliomtafuna. Huo ni wa kutuni piano, yaani kurekebisha sauti zake, kwa sikio, na alama ya kufaulu ni themanini. Mara ya kwanza alipata sabini na moja. Mara ya pili sabini na sita. Mara ya tatu sabini na nane.

"Mnaona ninavyopanda?" aliwaambia wenzake siku ile, akiwakusanyia sahani. "Nipeni muda tu. Nikifika miaka mia nitakuwa nimewafikia."

Wakacheka, naye akacheka, akaenda kuosha vikombe. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila kidonda, na ilikuwa imemfaa vya kutosha, mpaka barua ilipokuja mwezi wa pili kutoka chuoni.

Chuo kilikuwa na piano arobaini na moja, na Verlyn alikuwa amezitunza kwa miaka kumi na tisa. Alijua ni ipi iliyomwagiwa supu ya nyanya na ni ipi inayonuna mvua ikikaribia. Barua ilisema kwamba kuanzia mwezi wa saba piano zote zitahudumiwa na fundi aliyethibitishwa, asiwe mwingine. Ilimshukuru kwa utumishi wake. Jina lake walikuwa wameliandika vibaya.

Ardis, mkewe, aliisoma mara mbili, kisha akaiegemeza kwenye kopo la chumvi.

"Basi faulu," alisema.

"Wazo zuri hilo. Sijui kwa nini halijanijia miaka yote hii."

"Kwa sababu ulikuwa na kazi ya kufanya utani."

Verlyn akaichukua barua pale kwenye kopo, akaisoma upya.

Mtihani ulipangwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri la mji wa Norbeck. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na ilikuwa bado haijachoka. Verlyn aliendesha gari polepole, pua karibu na kioo, akafika na kuwakuta watahini wawili badala ya watatu.

Wa kwanza alikuwa Lowell Kjelstad, mkuu wa watahini, mzee mrefu mkavu ambaye inasemekana aliwahi kucheka miaka ya themanini akaona hakumfai. Wa pili alikuwa Bernadette Pruszka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka Duluth, mtahini mpya, aliyeshika kitabu cha kanuni kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebee.

"Mwenzetu wa tatu amekwama," Lowell alisema. "Barabara kuu imefungwa. Kanuni inaruhusu wawili, bwana Tostrud. Wa tatu ana kazi pakiwa na rufaa tu."

"Na pakiwa na rufaa na nyie ni wawili?"

Bernadette akafungua kitabu haraka. "Mtahiniwa akipinga alama, watahini wanasikiliza kwa masikio na kupiga kura. Kura zikilingana, alama inabaki ilivyo."

"Kwa maneno mengine, nisikosee."

"Ndiyo njia fupi," Lowell alisema, bila kutania hata kidogo.

Piano ilisimama katikati ya ukumbi, nyeusi, ya mkia, mfuniko umeondolewa. Kando ya ukuta kulikuwa na viti vitatu vya watahini. Viwili vilikuwa vitupu kama viti vyote vya kanisa. Cha tatu kilikuwa na mto wa kufuma, wa kijani, uliobonyea katikati.

Verlyn aliujua mto ule. Ulikuwa wa Bi Odella Ranheim, aliyeitunza piano hii miaka thelathini na kukaa kwenye kamati ya mtihani kwa muda karibu huohuo. Ndiye aliyempa sabini na nane. Siku ile, wengine wakivaa makoti, alimvuta shati pembeni akamwambia, "Unasikia vizuri sana wewe. Halafu unaanza kubishana na ulichokisikia. Funga mdomo wako, Verlyn, mpaka wa ndani." Alifariki mwezi wa kumi na moja. Mazishi yalikuwa hapohapo juu, na chakula cha mazishi kililiwa ukumbini humu. Vikombe vilioshwa na nani, usiniulize.

"Hakuna aliyeutoa," Lowell alisema, akiona Verlyn anaangalia mto. Kisha akageuka haraka, akashika mlango. "Una dakika tisini. Sisi tuko mwisho wa korido."

Sasa mtihani wenyewe uko hivi. Zamani kidogo, mafundi watatu waliothibitishwa walikaa na piano ileile wakaituni kwa pamoja, noti moja baada ya nyingine, wakipimana masikio na kugombana, mpaka kila noti ikakubaliwa mahali pake. Mahali hapo pakaandikwa kwa tarakimu kwenye karatasi wanayoiita karatasi mama. Kisha, asubuhi ya mtihani, watahini huiharibu piano kwa makusudi. Uzi huu wanaushusha, ule wanaupandisha. Mtahiniwa anaachwa peke yake na spana yake na uma wa sauti, kile chuma cha kugonga kinachotoa noti ya kuanzia, airudishe. Akimaliza, mashine inapima kila noti. Ukiiacha karatasi mama kwa unywele, unanyolewa alama.

Verlyn alivua koti, akagonga uma kwenye goti, akaanza.

Katikati ya piano ndipo kila kitu kinapojengwa, kwenye noti kumi na tatu, kuanzia ya thelathini na tatu hadi ya arobaini na tano. Mafundi huziita kwa namba, kama wafungwa. Unapiga noti mbili pamoja na kusikiliza mapigo, ule mtikisiko wa wo-wo-wo unaotokea sauti mbili zinaposuguana. Thelathini na tatu pamoja na thelathini na saba zina mapigo yao. Thelathini na nne pamoja na thelathini na nane zina mapigo ya kasi kidogo zaidi. Zinazofuata, kasi zaidi. Zikipangwa vizuri ni kama gurudumu linaloteremka mlima, linaongeza mwendo lakini halirukiruki.

Alipanga zote kumi na tatu. Akazipitia upya kwa jozi, kuanzia chini. Zilimridhisha. Akaweka mikono magotini apumzike.

Ndipo thelathini na tatu na thelathini na saba zilipopigwa.

Hazikupigwa kwa nguvu. Zilitoka ndani ya piano, chini ya nyuzi, jinsi mtu anavyoongea chumba cha pili bila kutaka kuamsha watoto. Vibao vya kupigia havikushuka. Verlyn alivitazama wakati sauti ikiendelea, na vilikuwa vimelala sawasawa, vyeupe kama meno ya bandia kwenye glasi.

Akasema moyoni ni bomba la joto. Majengo ya zamani hayakosi mabomba yanayogonga. Akaenda mlangoni akachungulia. Mwisho wa korido Lowell na Bernadette walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mtu na kipande chake cha keki, hawasemezani.

Akarudi. Alipokaa tu, noti zile mbili zikapigwa tena. Na safari hii sikio lake la kifundi, ambalo huwa halijali mwili unaolibeba unatetemeka au la, likanasa kitu kingine. Mapigo yalikuwa ya polepole kidogo kuliko aliyoyapanga yeye.

"Bi Odella," alisema kwa sauti, na sauti yake ikatoka kama ya mvulana, "kama umekuja kunifelisha tena, ungesubiri angalau nimalize besi."

Ukumbi ukawa kimya. Kilikuwa kimya cha mtu anayengoja mwenzake amalize upuuzi wake.

Verlyn akafunga mdomo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika mtihani wowote: akaufunga na ule wa ndani, ule unaomwambia watasemaje, utapata ngapi, toa kichekesho. Ilimchukua muda. Noti mbili zikapigwa mara ya tatu, na zilipofifia akapiga za kwake. Akapanda jozi inayofuata, na inayofuata.

Kweli, gurudumu lilijikwaa. Jozi ya kwanza ilikuwa na haraka, kiasi kwamba ya pili haikupata nafasi ya kuongeza mwendo. Ni kosa la unywele, na liko mahali pabaya pa piano ile, pale nyuzi za shaba zinapoishia na za chuma tupu kuanza. Akaishika pini inayokaza uzi wa thelathini na tatu kwa spana akaipandisha, si kwa kuizungusha, kwa kuiegemea tu. Akapiga. Gurudumu likateremka bila kuruka.

Thelathini na tatu ilipopigwa pamoja na arobaini na tano, dada yake wa juu, ilinung'unika kidogo. Sikio la uoga lingeirudisha. Akaiacha.

Dakika zilizobaki alifanya kazi kama mtu anayefungua milango asiyoifunga mwenyewe. Hakuna kilichopigwa tena. Lakini kila alipoweka noti mahali pake alihisi nyuma ya shingo yake mtu anayeitikia kwa kichwa, na hakugeuka kutazama kile kiti.

Lowell na Bernadette walirudi, wakapima. Mashine yao ilikuwa kisanduku kidogo chenye taa nyekundu zilizopangwa kwa duara. Noti ikiwa juu ya tarakimu iliyowekwa, taa zinazunguka kulia; ikiwa chini, kushoto; ikiwa barabara, zinasimama tuli. Bernadette alipiga, Lowell akaandika. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha Lowell akajumlisha, akajumlisha tena, akavua miwani.

"Sabini na tisa," alisema.

Verlyn akacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kwa mazoea, kikaishia njiani.

"Alama moja," Bernadette alisema taratibu. "Noti moja imekuangusha, mzee. Thelathini na tatu. Iko juu ya karatasi mama."

Arobaini na moja, Verlyn aliwaza. Piano arobaini na moja, na jina lililoandikwa vibaya. Angeweza kuomba radhi akavaa koti. Ndivyo alivyofanya mara tatu.

"Napinga," alisema.

Lowell alimtazama kama aliyesikia kiti kikiongea. "Tuko wawili, bwana Tostrud. Unakumbuka kanuni."

"Naikumbuka. Napinga. Karatasi yenu imekosea thelathini na tatu, mimi sijakosea. Sikilizeni."

Akawapigia jozi zake, kuanzia chini, polepole na moja moja. Lowell akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akachukua spana yake mwenyewe, akaweka mashine kwenye tarakimu ya karatasi mama, akaishusha thelathini na tatu mpaka taa zikasimama. Akapiga jozi zilezile.

"Sasa iko kwenye karatasi," alisema. "Bernadette?"

Bernadette aling'ata kalamu. Huu ulikuwa mtihani wake wa kwanza kama mtahini, na aliyekaa kando yake ndiye aliyemthibitisha. "Inajikwaa," alisema hatimaye. "Samahani, mzee Lowell. Ya kwako inajikwaa. Yake inateremka."

"Na ya kwake pamoja na arobaini na tano inanung'unika. Hilo hukulisikia?"

"Nimelisikia. Lakini kati ya kunung'unika na kujikwaa, mimi ningechagua—"

"Kura yangu ni karatasi," Lowell alisema. "Kura zimelingana. Alama inabaki ilivyo." Akainua kalamu.

Ndipo piano ilipopiga.

Ilipiga jozi ya kwanza, ikangoja mpaka ikafifia. Ikapiga ya pili. Ikapiga ya tatu na ya nne, kila moja na haraka kidogo zaidi, bila pupa, kama mwalimu anayemwandikia mtu ubaoni kwa mara ya mwisho. Bernadette alikuwa amesimama mbele ya vibao, mikono miwili imekumbatia kitabu cha kanuni. Lowell alikuwa na kalamu mkono mmoja na spana mkono wa pili. Verlyn alikuwa na mikono mfukoni. Wote watatu walikuwa wanaona vibao, na vibao havikushuka.

 Hata ile theluji dirishani ilionekana inaanguka kwa kunyata.

"Boila la mabomba ya joto," Lowell alisema.

"Ni boila lenye sikio zuri sana," Verlyn alisema. "Litafaulu kabla yangu."

 Bernadette alikuwa ameikodolea macho mashine. Akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza thelathini na tatu, safari hii kwa mkono wa binadamu, na taa zikazunguka kulia. Akaweka tarakimu ya Verlyn. Akabonyeza tena. Taa zikasimama tuli.

"Umeishusha sasa hivi," alimwambia Lowell. "Nimekuona ukiishusha."

"Nimeishusha."

"Imepanda tena. Imerudi palepale alipoiacha yeye."

Lowell alitazama spana mkononi mwake kana kwamba ilikuwa imefanya jambo bila ruhusa. Akaenda akakaa kwenye kiti chake. Akaacha nafasi, Verlyn aliona, kati yake na ule mto wa kijani.

"Bwana Tostrud," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza ukavu, "nitakuuliza mara moja. Ulipokuwa peke yako humu, uliisikia?"

Hapa Verlyn alikuwa na vichekesho vinne tayari, na kimojawapo kizuri kabisa. Vyote vingemvusha. Angesema hapana, na noti ingekuwa ya sikio lake peke yake.

"Niliisikia," alisema. "Nilikuwa nimeiweka pale karatasi yenu inapotaka. Ilipigwa mara tatu, nikaipandisha. Kama ni kusaidiwa, nimesaidiwa."

Lowell akafumba macho. "Kanuni inasema mtahiniwa asisaidiwe na mwanachama yeyote aliyemo ukumbini. Mtihani unafutwa."

Kurasa zikasikika zikipekuliwa kwa kasi.

"Si mwanachama," Bernadette alisema. Uso wake ulikuwa mweupe, lakini kidole kilikuwa imara kwenye mstari. "Ibara ya nne. Uanachama wa kila daraja, wa mshiriki na wa fundi aliyethibitishwa, unakoma kwa kujiuzulu, kwa kufukuzwa, au kwa kifo. Bi Odella si mwanachama tangu mwezi wa kumi na moja. Bwana Tostrud hajasaidiwa na mwanachama yeyote."

Verlyn akapumua. Halafu, maana amezaliwa na ulimi usiolala, akasema, "Sasa kama si mwanachama, binti, kura aliyopiga sasa hivi inahesabiwaje?"

Bernadette akapekua kurasa tena. 

"Haihesabiwi," alisema kwa unyonge. "Wewe mzee, kwa nini umeuliza?"

"Hata mimi najiuliza."

Kwa hiyo walikuwa palepale: kura moja na kura moja, sabini na tisa, na piano iliyosimama katikati yao kama mtu aliyesema lake. Verlyn akaanza kukunja vitambaa vyake. Vidole tisa na nusu, vikikunja, vilikuwa na utulivu uliomshangaza.

"Tulikuwa watatu siku ile," Lowell alisema ghafla, akiiambia sakafu. "Tukitengeneza karatasi mama. Mimi, Odella, na yule aliyehamia Arizona kukimbia theluji. Tulifika thelathini na tatu, Odella akasema ipande. Mashine ilisema ibaki. Akasema sikilizeni, inajikwaa. Alituchezea jozi zile, moja, mbili, tatu, nne. Tukamshinda kwa kura, wawili kwa mmoja."

"Hamkusikia?" Bernadette aliuliza.

"Yule mwenzetu sijui." Lowell alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini ilikuwa saa nane, nilikuwa na njaa, na mashine ilikuwa upande wangu. Odella aliandika tarakimu yetu kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka bila kunywa kahawa. Tangu azikwe siingii humu peke yangu. Nilidhani naisikia mimi tu."

Akanyanyuka. Ilionekana kama kazi kubwa, urefu ule wote.

"Nafuta kura yangu ya mwanzo. Thelathini na tatu ya Tostrud ni sahihi. Andika, Bernadette. Mbili kwa bila."

Bernadette akaandika. Kalamu iligoma, akaitikisa, akaandika tena. Themanini.

Verlyn alijua alipaswa kusema kitu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amejitayarishia hotuba nzima ya siku hii, yenye matusi ya kirafiki kwa kila mtu kwa jina. Lowell alimpa mkono. Bernadette akamkumbatia bila kutarajia, na kitabu cha kanuni kikambana mbavuni. Beji itakuja kwa posta, walimwambia, lakini haki zake zinaanza pale sahihi inapowekwa. Sahihi zikawekwa. Hakusema kitu chochote, ila alitoka hadi koridoni akampigia Ardis simu, na Ardis alipopokea bado hakuweza kusema.

"Verlyn? Umefeli?"

"Hapana."

"Basi mbona hufanyi utani?"

Aliporudi aliwakuta wamevuta viti karibu na piano.

"Karatasi mama hii haifai tena," Lowell alisema. "Siwezi kumtahini mtu mwingine kwayo. Lazima itengenezwe upya, na inahitaji mafundi watatu waliothibitishwa." Akamtazama. "Tuko watatu. Barabara imefungwa. Huna pa kwenda."

Hivyo kazi ya kwanza ya Verlyn Tostrud kama fundi aliyethibitishwa ikawa kukaa kwenye kamati. Alikalia benchi ya piano. Ule mto hakuna aliyeugusa. Walianza na thelathini na tatu, mikono mitatu ikainuka, na Bernadette akaandika. Verlyn aliutazama mkono wake hewani, na kidole chake kifupi, kama mkono wa mtu mwingine. Waliendelea. Thelathini na nne, mikono mitatu. Thelathini na tano. Nyakati nyingine walibishana, na ilikuwa raha kubwa kubishana, kuliko alivyowahi kuwaza akiwa kule kwenye keki. Nje mchana uliendelea kuwa mweupe bila saa.

Arobaini na mbili iliwachukua robo saa. Lowell aliitaka juu, Bernadette hapo katikati, Verlyn akawapigia jozi zake, akawaonyesha, nao wakasikia. Mikono mitatu. Bernadette akainamisha kalamu.

Jozi ikapigwa ndani ya piano.

Hakuna aliyeruka safari hii. Walibaki walivyo, mikono bado iko nusu hewani, wakisikiliza. Arobaini na mbili, pamoja na thelathini na nane. Polepole zaidi ya walivyoipanga.

"Anataka ishuke," Bernadette alinong'ona.

"Shusha," Lowell alisema. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mimi sibishani naye tena. Shusha tu."

Verlyn hakushusha. Alipiga jozi mwenyewe, akasikiliza kwa midomo yote miwili imefungwa. Akaipiga tena. Mwanamke huyu alikuwa amempa chuo chake, na piano zake arobaini na moja. Alitamani sana mwenye kosa awe yeye mwenyewe. Aliipiga mara ya tatu, na sikio lake, ambalo halijali mwili unaolibeba unadaiwa wema na nani, likamwambia vilevile.

"Hapana, Bi Odella," alisema. "Hapa umekosea wewe. Tatu kwa bila."

Kisha taa za mashine zikaanza kuzunguka kushoto, taratibu, na hakuna aliyekuwa amegusa chochote.

"Inashuka," Bernadette alisema. "Mzee Verlyn, inashuka yenyewe."

Verlyn akachukua spana, akaivika kwenye pini ya arobaini na mbili, akaegemea kuipandisha. Pini haikwenda. Haikuwa imekwama, kila fundi anajua pini iliyokwama inavyokuwa, ni kitu kilichokufa. Hii ilikuwa hai. Kwa upande wa pili kulikuwa na mkono, mkono uliozoea kazi na usio na haraka, ukiegemea kwa kipimo kilekile anachoegemea yeye.

"Usiandike bado," alimwambia Bernadette, na akapanga miguu yake vizuri sakafuni.